Mtoto Anayelia Hajapoteza Furaha ya Bwana

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki iliyopita mama mmoja aliniandikia ujumbe ambao bado umenikaa moyoni. Mwanawe wa miaka minane amefiwa na babu yake, na wawili hao walikuwa hawaachani. Siku ya mazishi mtu mzima mmoja alimshika bega akamwambia, "Wewe si umeokoka? Mkristo halii. Babu yuko mbinguni, furahi!" Tangu siku hiyo mtoto haimbi kanisani. Anasimama na wenzake mbele, midomo kaifumba. Mama anauliza, "Dada, nimfundishe vipi furaha mtoto ambaye ameanza kuiogopa?"

Nilimjibu kwa ufupi siku ile ile. Leo naomba nijibu kwa urefu, kwa sababu najua wengi wetu tunalea watoto tukiwa na shauku hiyo hiyo: wamjue Mungu, na wamfurahie kwa moyo wao wote.

Nimefundisha shule ya Jumapili miaka mingi, na mstari niliowakaririsha watoto kuliko mwingine wowote ni Wafilipi 4:4: "Furahini katika Bwana sikuzote, tena nasema, Furahini." Ni mfupi, una mdundo, watoto wanaupenda. Jumapili moja tulikuwa tunaurudia kwa kupiga makofi, binti mmoja mdogo akanyosha mkono. Akasema, "Mwalimu, neno sikuzote ni hata usiku? Mimi usiku huwa nalia. Ni dhambi?"

Darasa lote likanyamaza likinitazama. Nilimwambia, "Hapana mwanangu, si dhambi. Njooni tuisome sote barua hii, tumwone aliyeiandika." Tukaacha makofi, tukafungua Biblia.

Wapendwa, barua kwa Wafilipi ina sura nne tu, na Paulo aliiandika akiwa kifungoni. Sura ya kwanza anataja vifungo vyake mara kadhaa. Hilo wengi tunalijua na tunalihubiri. Tunayoyaruka ni mengine. Katika sura ya pili anamtaja Epafrodito, rafiki yake aliyeugua karibu kufa, anasema Mungu alimhurumia rafiki huyo na kumhurumia yeye Paulo pia, asije akawa na huzuni juu ya huzuni. Katika sura ya tatu anasema anawaandikia kwa machozi. Kisha ndipo inakuja sura ya nne na "Furahini." Mtu yule yule, barua ile ile! Machozi yake yalikuwa hayajakauka kwenye ukurasa alipowaambia wafurahi.

Nilipowaeleza watoto hayo, yule binti alivuta pumzi ndefu, akauliza kama Paulo naye alikuwa akilia usiku. Nikamwambia Biblia haisemi saa, lakini machozi inayasema. Akaridhika. Na niwaambie ukweli, nafurahi sana kwamba siku ile sikumpa jibu la harakaharaka. Binti huyo sasa ni mkubwa, yeye ndiye anayewaongoza wadogo kuimba, na kila nikimwona namshukuru Mungu kwa swali lake.

Lakini si kila mtu alifurahi. Baada ya somo hilo nilianza kuwasomea watoto Zaburi ya 13, ile inayoanza, "Ee BWANA, hata lini utanisahau?" Habari zikafika kwa kiongozi mmoja. Akaniambia mbele ya walimu wenzangu kwamba nawafundisha watoto manung'uniko, na kwamba darasa la watoto linapaswa kuwa mahali pa shangwe tu. Sikujibu. Niliumia, na sitaficha kwamba nikikumbuka bado naumia kidogo, maana hakuna aliyeuliza kama zaburi ile ilisomwa mpaka mwisho. Ilisomwa. Mwisho wake Daudi anamwimbia Bwana kwa kuwa amemtendea ukarimu. Ina mistari sita tu. Mtoto anaweza kutembea naye kutoka kilio hadi wimbo kwa dakika moja, na akajifunza kwamba njia hiyo ipo na imekwisha kukanyagwa na wengine kabla yake.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza kwa mama aliyeniandikia ni huu: usimnyang'anye mwanao kilio. Bwana wetu mwenyewe, akiwa njiani kwenda kaburini kwa Lazaro, alilia machozi, na alijua kabisa kwamba baada ya muda mfupi atamwita atoke. Kama tumaini la ufufuo lingekuwa linakataza kulia, Yesu asingelia. Mwambie mwanao hivyo, kwa maneno hayo hayo mepesi. Yohana 11, mkae msome wote wawili.

Pili, mpe habari nzima. Tunawapa watoto nusu mstari halafu tunashangaa hauwabebi. Tunawaimbisha "furaha ya Bwana ni nguvu zenu," lakini ni wangapi tumewasimulia Nehemia 8? Watu walikusanyika mbele ya lango la maji, Ezra akawasomea torati tangu mapambazuko hata adhuhuri, nao wakalia waliposikia maneno yake. Neno lile la furaha waliambiwa watu waliokuwa wanalia. Tena wakaagizwa wale, wanywe, na wawapelekee sehemu wale wasioandaliwa kitu. Watoto huelewa jambo hili upesi kuliko sisi: furaha ya Mungu huja na sahani ya mwingine. Mpe mwanao kitu ampelekee mtu mwenye huzuni kama yake, labda bibi yake aliyebaki mjane. Wakae pamoja. Wakilia pamoja, Warumi 12:15 imetimia. Wakicheka wakimkumbuka babu, imetimia pia.

Na tatu, ambalo kwa kweli ni lile lile la kwanza: usimlazimishe kuimba. Mwache asimame na wenzake amefumba midomo. Usiku ule Filipi, Paulo na Sila waliimba wakiwa wamepigwa na miguu yao imefungwa kwa mkatale, na Matendo 16 inasema wafungwa wengine walikuwa wakiwasikiliza. Hakuna aliyewaamuru wale wafungwa waitikie. Kusikiliza nako kulikuwa na nafasi yake ndani ya gereza lile. Kabla ya kupambazuka mlinzi wa gereza alikuwa ameosha majeraha yao, amebatizwa, na nyumba yake nzima imejaa furaha. Mwanao anasikiliza. Imba wewe.

Hapo ndipo nataka kusema na sisi wazazi na walimu, maana hapa ndipo tunapokwama. Tunataka watoto wawe na furaha ambayo wao hawajawahi kuiona kwetu. Nyumbani wanatuona tukilalamika kutoka asubuhi hadi jioni, kisha Jumapili tunawaambia watabasamu. Mama yangu hakuwahi kunikalisha chini kunifundisha somo linaloitwa furaha. Lakini katika kipindi kigumu kuliko vyote nyumbani kwetu nilimsikia akiomba huku analia chumbani, kisha akatoka, akatuandalia chakula na kuanza wimbo. Sauti ilikuwa inakwaruza. Sisi watoto tulijua alikuwa analia, naye alijua kwamba tunajua. Hiyo ndiyo shule niliyosoma. Paulo naye anasema amejifunza kuwa radhi na hali yoyote. Amejifunza! Basi tuwape watoto nafasi ya kujifunza, na tukubali watuone sisi tukijifunza.

Kwa hiyo mama mpendwa, usiku wa leo msomee mwanao Zaburi ya 13 yote. Mwulize mstari upi ni wake leo. Akisema ni ule wa kwanza, "hata lini," usimsukume aende wa sita. Ombeni kwa mstari huo huo aliouchagua, kesho mwulize tena. Na yule aliyemwambia Mkristo halii, kama ni ndugu wa karibu, mwendee kwa upole umwombe arudi kwa mtoto aseme naye upya. Neno lililotoka kwa mtu mzima mtoto hulisadiki zaidi likisahihishwa na kinywa kile kile.