Nimemuua mbwa wa jirani aliyemrukia mtoto, je nina dhambi?

SWALI: Asalam alaykum shehe. Mbwa wa jirani alikata kamba akamrukia mtoto anatoka madrasa, si wangu ila nilikuwa karibu, nikavuta mpini wa jembe nikampiga akaanguka, nikaendelea mpaka akafa. Mwenyewe anataka nimlipe, na watu wananiambia achana nae, mbwa tu huyo najisi.

JIBU: Waalaykum salaam. Kwanza huyo mtoto jeraha lioshwe kwa sabuni na maji mengi, aende hospitali leo leo akachomwe sindano za kichaa cha mbwa, hata kama ni mkwaruzo tu.

Haya. Kumkinga mtoto umefanya sawa, tena ni wajibu. Sisi Mashafii tunalisoma hili kwenye Minhaj, kitabu cha fiqhi cha Imam Nawawi, kumkinga mwenzio ni kama kujikinga mwenyewe, kwahiyo hilo la "si wangu" lisikusumbue. Ila hapohapo kaweka ngazi: kelele zikitosha kupiga ni haramu, mkono ukitosha mjeledi haramu, mjeledi ukitosha fimbo haramu, ndo mpaka ufike kuua. Sasa ndugu yangu umeandika mwenyewe "akaanguka, nikaendelea". Alipoanguka alikuwa anajiinua amrudie mtoto, au kashalegea analia? Mimi sikuwepo, ulieona ni wewe. Kama alikuwa anajiinua huna neno. Kama kashalegea basi ile mipini ya mwisho ilikuwa ya hasira zako, mtoto alishaokoka zamani, hiyo utubie.

Na hili la "mbwa tu" linanikera kwakweli. Unajisi wake ni habari ya kuosha chombo mara saba, moja kwa udongo, nani kasema ni ruhusa ya kumtesa? Bukhari na Muslim wamepokea habari ya mtu alieshuka kisimani, akajaza maji kwenye kiatu chake, akakibana kwa meno akapanda nacho kumnywesha mbwa aliekuwa anakula udongo kwa kiu, Mungu akamsamehe. Maswahaba wakauliza kwani kwa wanyama tuna ujira? Mtume (s.a.w) akawajibu ndio, kwa kila chenye ini bichi, yaani kila kiumbe kilicho hai.

Kulipa, kwa madhehebu yetu hulipi, mbwa hauzwi wala hana thamani ya mali. Bali yeye, kama alikuwa anajua mbwa wake anang'ata akamfunga kikamba tu, gharama za mtoto ziko juu yake. Nenda na mzee mmoja wa mtaa mkayaongee, na ile mipini ya mwisho kama ilizidi usimfiche.