Ukienda Ironbridge, shuka chini ya daraja

Wiki iliyopita msomaji anayesoma Birmingham aliniuliza: ana siku moja tu ya mapumziko, aende London au Ironbridge, ule mji wa bondeni ninaoutaja kila mara? Ndugu yangu, nenda Ironbridge. Ila usiende kama nilivyokwenda mimi mara ya kwanza.

Ilikuwa Jumapili ya Januari. Nilishuka kwenye treni Telford nikidhani nimefika, kumbe bado kuna safari ya basi, na basi lenyewe lilikuwa limeshaniacha. Nilifika bondeni giza likiingia, nikapiga picha tatu, nikageuza. Mwenzangu niliyekuwa nikikaa naye akanicheka: "Nauli yote hiyo kwa ajili ya daraja?" Neno lile lilinikaa rohoni, na bado limo. Mimi ni mtoto wa seremala wa Tanga. Kazi ya fundi haidharauliwi mbele yangu.

Nilirudi Juni, asubuhi. Safari hii sikuishia juu ya daraja. Nilishuka hadi kwenye njia ya miguu kando ya mto Severn, nikainua macho. Daraja lile lilisimamishwa mwaka 1779, daraja kubwa la kwanza duniani la chuma cha kusubu, karibu tani 380, na viungo vyake ni vya kiseremala! Ulimi wa kipande kimoja umepenya tundu la kingine, ukakazwa kwa kabari, vile vile marehemu baba alivyokuwa akiunga fremu za milango. Hakuna aliyewahi kujenga kitu kama kile kwa chuma, kwa hiyo wakashika njia waliyoijua kwenye mbao. Nilisimama pale mpaka shingo ikauma, natamani baba angekuwepo.

Kwa hiyo fika mapema. Anzia Coalbrookdale, kijiji cha jirani, kwenye tanuri la Abraham Darby, mwenye kiwanda cha chuma. Hapo mwaka 1709 alianza kuyeyusha chuma kwa makaa ya mawe yaliyochomwa kwanza yakatoka uchafu, badala ya mkaa wa miti. Daraja ni kazi ya mjukuu wake, na usipoliona tanuri hutaelewa chuma chote kile kilipatikanaje. Uliza ratiba ya basi kabla hujatoka nyumbani. Na nasema tena, fika mapema. Tumezoea kusafiri ili tuonekane tumesafiri, vijana wenzangu, tunarudi na simu imejaa picha na kichwani hakuna kitu. Tuache. Mtu aliyetoka kwao hadi Uingereza hana sababu ya kuona haya kukitazama kiungo kimoja cha chuma kwa nusu saa.

Kabla hujavuka, usome ubao wa ushuru kwenye nyumba ya mtoza ushuru, upande wa kusini. Umeandika kwamba askari, awe kazini au asiwe kazini, gari la barua, hata familia ya mfalme, wote walipe. Siku hizi unavuka bure, kwa miguu; magari yalizuiwa tangu 1934.