Siku andiko lako linajadiliwa, wewe haupo

Kila msimu wa kuomba ruzuku ukikaribia, wadogo zangu walio kwenye utafiti wa dawa za kulevya, wengine Dar, wengine Mombasa, wengine huku huku Marekani niliko, huniuliza jambo lilelile: "Dada, kile kikao cha NIDA cha kupitia maandiko ya kuomba ruzuku, haiwezekani mtu akaingia hata akakaa nyuma kimya?" (Kwa Watanzania: siyo NIDA ya vitambulisho. Hii ni taasisi ya serikali ya Marekani ya utafiti wa dawa za kulevya, iliyoanzishwa 1974 na kuingizwa chini ya NIH, yaani Taasisi za Taifa za Afya, mwaka 1992.)

Haiwezekani. Mwombaji haingii, mkuu wake wa idara haingii, mwandishi wa habari haingii. Mimi nimekaa pande zote mbili za mlango huo, kama mwombaji na kama mpitiaji, na karibu kila ushauri ninaoutoa unatokana na jambo moja: asiyekuwepo na lake halipo, labda awe ameliandika vizuri kiasi kwamba mtu mwingine anaweza kulisema kwa niaba yake.

Tuanze na dhana mbaya tuliyonayo. Wengi wetu tukisikia serikali imefunga mlango, tunajua kuna kitu kinapikwa. Lakini huku kufungwa kwenyewe hutangazwa. Sheria ya kamati za ushauri ya mwaka 1972 inataka vikao vya kamati zinazoishauri serikali kuu viwe wazi, na kikao kikifungwa sababu itajwe hadharani. Ndiyo maana ukifungua Federal Register, gazeti rasmi la serikali yao, utakuta tangazo fupi kavu: jina la jopo la wapitiaji, tarehe, saa, ajenda ("kupitia na kutathmini maombi ya ruzuku"), jina la ofisa anayelisimamia jopo, na chini kabisa namba 93.279, ambayo ni ya mpango wa ruzuku za utafiti wa dawa za kulevya. Sababu zinazotajwa ni mbili, zilezile miaka nenda miaka rudi: maandiko yanaweza kuwa na siri za kibiashara, kama uvumbuzi unaoweza kuombewa hataza, na yana habari binafsi za watu. Hiyo ya pili ndiyo inayonigusa. Jopo linaulizana waziwazi kama wewe una uwezo wa kazi unayoiomba. Sidhani ungependa bosi wako awe amekaa pembeni anasikiliza.

Tangazo hilo ambalo karibu hakuna anayelisoma ndilo lililokwamisha mambo Januari 2025. Serikali mpya ilipozuia taasisi za afya kutoa matangazo, NIH ikashindwa kupeleka lolote Federal Register, na bila tangazo kikao hakiruhusiwi kukaa. Majopo yakaahirishwa, maandiko yakalala. Wenzangu waliokuwa kwenye foleni walilizoea gazeti hilo kwa nguvu.

Sasa tuingie ndani. Yaliyosemwa juu ya andiko la mtu sitayasimulia. Nilisaini kutunza siri. Utaratibu, hata hivyo, NIH wenyewe wameuchapisha.

Andiko moja kwa kawaida hukabidhiwa wapitiaji watatu. Wanalisoma wiki kadhaa kabla, wanaandika maoni yao na kutoa alama za awali kuanzia 1 hadi 9, ambapo 1 ndiyo bora kabisa. Maandiko ambayo alama hizo zimeyaangusha kwenye nusu ya chini, mara nyingi hayazungumzwi kabisa. Mwenyewe atapata maoni ya maandishi tu. Yaliyobaki huitwa moja moja. Mwenyekiti analitaja andiko, na wenye mgongano wa maslahi wanatoka. Siku hizi vikao vingi viko mtandaoni, kwa hiyo unachokiona ni majina yakipungua kwenye skrini, hili, hili, na lile, kisha kimya kidogo wakati ofisa anahakikisha orodha yake, halafu: "Tuendelee." Wapitiaji watatu wanataja alama zao. Wa kwanza anaeleza andiko linataka nini, lina nguvu wapi, limepwaya wapi. Wawili wanaongezea au wanampinga. Uwanja unafunguliwa kwa wote. Robo saa hivi, imekwisha. Kila mjumbe aliyebaki anapiga alama yake kwa siri, wastani unazidishwa kwa 10, na jopo lililokupa wastani wa 2.8 limekupa 28.

Rudia kusoma hapo kwenye "kila mjumbe". Wengi wanaokupa alama hawakupangiwa andiko lako. Nikiwa mmoja wao, ninachofanya ni kufungua ukurasa wa malengo wakati mwenzangu anaongea, macho kwenye aya ya kwanza, sikio kwake, nikitazama kama anachokisema nakiona. Nikikiona haraka, naenda naye. Nisipokiona naanza kuwa na mashaka, na mashaka ya watu kumi wasiosoma yanaweza kuuzidi upendo wa mmoja aliyesoma.

Kwa hiyo yule mpitiaji wa kwanza ndiye mshenga wako. Tofauti ni kwamba hukumtuma, humjui, na ana ruhusa kamili ya kukuponda ugenini. Kazi yako ni kumpa maneno ya kusema.

Ukurasa wa malengo ni mmoja tu. Maelezo ya utafiti ni kurasa 12 kwa ruzuku ya R01, ile kubwa ya kawaida, na 6 kwa R21, ile ndogo ya kujaribia wazo, na huo mmoja ndio utakaosomwa na wengi zaidi. Tazama sentensi hii, ya aina ninayoiona kwenye rasimu ninazoletewa: "Utafiti huu utachunguza masuala mbalimbali yanayohusu matumizi ya heroini miongoni mwa vijana." Mshenga ataenda kusema nini? Sasa weka hii: "Dar es Salaam wanawake wanaotumia heroini ni wachache mno kwenye kliniki za methadoni, tutapima kama kuwapelekea dawa karibu na wanakoishi kutawafanya wabaki kwenye tiba kwa miezi 12." Hii mtu anaweza kuisema kwa kinywa chake bila kuangalia karatasi. Najua wewe unaandika kwa Kiingereza. Ugonjwa wa "masuala mbalimbali" upo huko pia, tena umekomaa.

Usidhani jopo linazijua kliniki zetu za methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini. Kwamba ya Muhimbili ilifunguliwa 2011 na ya Mathari, Nairobi, mwishoni mwa 2014, wewe unalijua kama jina lako. Kwao ni habari mpya. Kwamba mateja hukutana maskani, na kwamba huko ndiko utakakowapata, lieleze kwa sentensi mbili. Mtu asiyeelewa utawapataje washiriki ataandika kwamba mradi hautekelezeki, na hatakuwa amekuonea.

Kitu kimoja kimetusaidia sisi wa vyuo visivyo na jina kubwa. Kwa maandiko ambayo siku ya mwisho ya kuyatuma ni kuanzia tarehe 25 Januari 2025, vigezo vimekusanywa kuwa vitatu. Umuhimu wa utafiti unapewa alama. Uthabiti wa mbinu na uwezekano wa kutekelezeka unapewa alama. Watu na mazingira ya kazi havipewi alama tena; jopo linasema tu vinatosha au havitoshi, na kama havitoshi linaeleza kwa nini. Kwa hiyo acha kujaza nafasi ukisifia jengo la maabara. Onyesha linatosha, songa mbele.

Pale ambapo nimeona maandiko ya Afrika Mashariki yakichunguzwa kwa ukali zaidi ni kwenye ulinzi wa washiriki, na hapa nitakaa kidogo. Tangu 2017, utafiti unaolipiwa na NIH na kukusanya taarifa nyeti zinazomtambulisha mtu hupata moja kwa moja cheti cha usiri, kinachomzuia mtafiti kutoa taarifa hizo hata akidaiwa na mahakama. Vizuri sana, kwa Marekani. Hakimu wa Kinondoni au wa Mombasa hafungwi na cheti hicho. Mwombaji anayeandika "tutalindwa na cheti cha usiri" kisha akanyamaza, ameacha swali kubwa wazi: polisi wakija na kutaka orodha ya watu waliokiri kwako kwamba wanatumia unga, utafanya nini? Tanzania ina sheria kali ya dawa za kulevya ya mwaka 2015, na mpitiaji makini anaweza kuifahamu. Jibu swali kabla halijaulizwa. Usikusanye majina kama huyahitaji. Ridhaa iwe ya mdomo, kamati ya maadili ikikubali, ili saini isigeuke ushahidi. Usitunze ramani ya maskani kwenye kompyuta moja na mahojiano. Taja mtu gani, na wa ofisi gani, umeshazungumza naye. Aya moja ya namna hiyo inamfanya mpitiaji aamini kwamba unaijua kazi, na imani hiyo inasambaa hadi kwenye kurasa nyingine.

Juu ya adabu za nje ya mlango nitakwenda haraka. Majina ya wajumbe hutangazwa takriban siku 30 kabla ya kikao. Utayaona, na pengine utamkuta mtu mliyekula naye chakula kwenye mkutano. Usimwandikie, hata salamu ya Idi ambayo ghafla imekumbuka andiko lako. Andiko linaweza kuondolewa. Kabla ya kutuma, wa kuongea naye ni ofisa wa programu, yule wa taasisi anayesimamia eneo la utafiti wako. Ukishatuma hadi kikao kiishe, ni ofisa wa mapitio, yule anayelisimamia jopo. Baada ya hapo unarudi kwa wa programu. Kama kuna mjumbe ambaye kwa sababu ya kweli hapaswi kukusoma, mwambie ofisa wa mapitio kwa maandishi, mapema. Kuchagua wa kukusoma huruhusiwi, ila kuna fomu ya kutaja utaalamu unaohitajika, na wengi hawaijazi, sijui kwa nini.

Akili mnemba nayo imeingia. Tangu Juni 2023 wapitiaji wamekatazwa kuitumia kuchambua maandiko, kwa sababu kulipakia andiko humo ni kuvujisha siri. Waombaji nao, kuanzia Septemba 2025, wameambiwa andiko lililotengenezwa kwa sehemu kubwa na mashine halihesabiwi kuwa lao, na mtafiti mkuu mmoja hazidishi maandiko 6 kwa mwaka.

Anayetaka kuona walau kidogo, afuatilie Baraza la Taifa la Ushauri la NIDA. Ndiyo ngazi ya pili ya mapitio, hukutana mara tatu kwa mwaka, na lina sehemu ya wazi inayorushwa mtandaoni. Hutasikia jina lako, lakini utasikia taasisi inahangaika na nini mwaka huo. Na ukiwa mhadhiri mchanga kwenye chuo cha Marekani, omba kuingia mpango wa wapitiaji wanaoanza. Hakuna semina itakayokufundisha kama kikao kimoja.

Alama hutoka ndani ya siku chache kwenye akaunti yako ya eRA Commons, mfumo wa ruzuku wa NIH mtandaoni, na ripoti kamili ndani ya siku kama 30. Ukiipata, usikimbilie maoni ya mpitiaji mmoja mmoja. Mengi yaliandikwa kabla ya kikao na huenda mwenyewe hakuyabadilisha. Soma kwanza muhtasari wa majadiliano, aya ile iliyoandikwa na ofisa wa mapitio, kwa sababu ndiyo inayosema jopo zima lilivutwa na nini. Kama mpitiaji wa tatu amelalamikia sampuli kwa kurasa mbili na muhtasari hauigusi sampuli, basi sampuli siyo iliyokuangusha.

Ndipo uombe kuongea na ofisa wa programu. Muulize alikuwepo akisikiliza? Kipi kilirudiwarudiwa? Nirudishe hili au niandike jipya? Kama fedha zinatakiwa kufika nje ya Marekani, muulize hilo kabla ya mengine yote, kwa sababu Mei 2025 NIH ilisimamisha utaratibu wa zamani wa chuo cha Marekani kupokea ruzuku na kuimega kwa mshirika wa nje, na miradi mingi ya kwetu ilikuwa imejengwa juu ya utaratibu huo. Kurudisha andiko unaruhusiwa mara moja, ndani ya miezi 37, na unapewa ukurasa mmoja wa kujibu hoja. Usiutumie kubishana na mpitiaji wa tatu. Jopo linaweza kuwa na watu wengine kabisa safari hii, na ugomvi huo hawaujui.