Maswali yenu: hiyo gari ya Kirusi kwenye muvi ni gari gani?

Kaka, kwenye muvi za zamani naona kigari cha boksi, taa mbili za duara mbele. Mshkaji anabisha ni Fiat 124, mimi nasema Lada. Nani yuko sahihi?

Ugomvi wenu una sababu, maana Lada ya kwanza, VAZ-2101, ilianza kutoka kiwandani Togliatti, mji wa Urusi, mwaka 1970 ikiwa imetokana na hiyohiyo Fiat 124, Warusi wakaibadilisha ihimili barabara zao. Nembo achana nayo, kwenye picha za zamani haisomeki kabisa, we simamisha muvi pale mtu anapofungua mlango. Fiat kitasa kimechomoza nje na kina kitufe cha kubonyeza kwa dole gumba, Lada kitasa kimezama ndani ya bodi, unapenyeza vidole unavuta. Hicho kitasa ndo ushahidi ninaouamini kuliko vyote, hata picha iwe na ukungu vipi kivuli chake kinaonekana. Na ukimuona mtu anazungusha hendeli mbele kuwasha injini basi bishano limeisha, hiyo ni Lada, ilitengenezwa hivyo kwa ajili ya baridi inayoua betri.

Na zile zenye taa nne za duara?

Angalia kinachozizunguka taa. Ikiwa kromu inang'aa mbele yote ni Lada 2103 ya mwaka 1972, ikiwa ni plastiki nyeusi ni Lada 2106 ya mwaka 1976. Ila muvi ikiwa ya Poland tulia kwanza, wale walikuwa na Polski Fiat 125p yao, nayo ina taa nne.

Stori ni ya 1968 lakini Lada zimejaa barabarani, inawezekana?

Haiwezekani dada, walioandaa muvi wamechemka. Wangeweka gari nyingine za Kirusi, Moskvich 408 au Volga GAZ-21, hizo zilikuwepo.

Ile gari nyeusi inayokimbizwa na kifaru cha jeshi kwenye GoldenEye, muvi ya James Bond, ni Volga gani? Mbona inaonekana ya zamani na mpya kwa wakati mmoja?

Jicho lako liko vizuri sana mkuu. Ile ni GAZ-31029, imeanza kutengenezwa 1992, lakini ukiziba mbele na nyuma kwa mkono ukabaki na milango na paa tu, unaiona GAZ-24 ya mwaka 1970 ilivyo, walichobadilisha sanasana ni pua na mkia. Naipenda sana hii gari, inakuonyesha kiwanda kinachojitahidi kwenda na wakati huku hela hakuna.

Kwenye video za Addis Ababa taxi za bluu na nyeupe ni gari gani?

Lada hizo, Ethiopia enzi za mtawala wake Mengistu ilikuwa karibu sana na Moscow na magari yakaja kwa wingi. Hapo zimechanganyika, za taa za duara na za taa za mraba, sasa za mraba ukiona shoo ya mbele ni pana ya kromu, imesimama kama ya Mercedes, hiyo ni 2107, ikiwa ni plastiki nyeusi tupu ni 2105.