Ithibati ya mwaka gani?

Mwanafunzi mmoja wa Mbarara ameniuliza: aandikeje kwenye tasnifu kwamba virusi vya Epstein-Barr vinahusika na saratani ya Burkitt, ilhali havitimizi masharti ya Koch? Swali zuri, na jibu lake liko hapa hapa Uganda.

Masharti hayo ya miaka ya 1880, ya daktari Mjerumani Robert Koch, ya kuthibitisha kuwa kijidudu fulani ndicho chanzo cha ugonjwa, yanataka kijidudu kionekane kwa kila mgonjwa, kioteshwe peke yake maabara, kikipandikizwa kwa mnyama kilete ugonjwa uleule, kisha kipatikane tena ndani yake. Kwa kimeta yalifaa. Kwa virusi yalikwama, maana haviongezeki nje ya chembe hai, na hivi vya Epstein-Barr karibu watu wazima wote wanavyo bila kuugua. Kuvidai masharti ya Koch ni kupima maziwa kwa futi.

Denis Burkitt, daktari wa upasuaji, akiwa Kampala, alieleza uvimbe huo wa saratani kwenye taya za watoto mwaka 1958. Mwaka 1964 virusi vikaonekana kwa hadubini ya elektroni, katika chembe zilizooteshwa London kutokana na vipande vilivyopelekwa kwa ndege kutoka Uganda. Haikutosha: huenda viliingia uvimbe ukiwa umeshaanza. Ndipo kati ya 1972 na 1974 watafiti wakachukua damu ya watoto wapatao 42,000 wa West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, wakiwa bado wazima, wakaihifadhi, wakasubiri waone nani ataugua. Matokeo ya 1978: wenye kingamwili (kinga za damu) nyingi kupita kiasi dhidi ya virusi hivi walikuwa na hatari ya kupata uvimbe mara 30 hivi ya wengine. Kipimo kimehama. Sasa kinachoulizwa ni kipi kilitangulia na hatari ni kubwa kiasi gani, mambo mawili kati ya tisa ya kupimia chanzo cha ugonjwa aliyoyapanga mtakwimu Mwingereza Bradford Hill mwaka 1965.

Usidhani kipimo kipya siku zote ni kikali zaidi. Kuhusu dai kwamba tohara inapunguza maambukizi ya virusi vya Ukimwi, takwimu za miaka mingi zilikataliwa kwa sababu waliotahiriwa walitofautiana na wenzao kwa dini na mwenendo pia. Watafiti wa Rakai, wilaya ya kusini mwa Uganda, wakagawanya wanaume 4,996 kwa nasibu, nusu watahiriwe papo hapo, nusu wangoje miezi 24. Maambukizi yakapungua kwa karibu nusu, na mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani (WHO) likalikubali dai hilo. Lakini virusi vya Zika, vilivyogunduliwa karibu na Entebbe mwaka 1947, vilikubaliwa mwaka 2016 kuwa chanzo cha watoto kuzaliwa na vichwa vidogo bila jaribio la namna hiyo. Nani angewaambukiza wajawazito kwa kura?

Basi, mwanangu, kila dai lipe mwaka, njia iliyotumika na pingamizi lililokuwa limebaki. Usiitaje kazi ya 1958 kama ushahidi wa virusi. Wakati huo havikuwa vimeonekana. Wala usimcheke Koch kwa kukosa hadubini ya elektroni. Na malaria usiiache: virusi vimeenea dunia nzima, ila uvimbe huu umejaa zaidi palipo na malaria kali, kwa hiyo andika "vinachangia", kisha eleza kwa nini peke yake havitoshi.