Wasomaji Wanauliza: ADHD na ujuzi usiotulia mkononi

SWALI: Nina umri wa miaka 27 na nina ADHD, ile hali ya ubongo inayofanya kutulia na kukaza mawazo kuwa kugumu. Huu ni mwezi wa pili najifunza kuchapa bila kutazama kibodi. Leo nachapa vizuri, kesho utadhani sijawahi kugusa kompyuta. Je, sisi wenye ADHD hatuna ile kumbukumbu ya mikono?

JIBU: Mnayo. Kumbukumbu ya kutenda, ile inayokuwezesha kuendesha baiskeli bila kuwaza, haitegemei sehemu zilezile za ubongo zinazohifadhi majina na matukio. Hilo lilidhihirika kwa Henry Molaison, ambaye baada ya kupasuliwa ubongo mwaka 1953 hakuweza tena kukumbuka mambo mapya. Mwanasaikolojia Brenda Milner alimpa kazi ya kuchora nyota huku akiutazama mkono wake kwenye kioo. Makosa yalipungua siku hadi siku, ingawa mwenyewe hakukumbuka kuwahi kuifanya kazi hiyo.

Ujuzi wa namna hii hutegemea viini vilivyo ndani kabisa ya ubongo, pamoja na ubongo mdogo ulioko kisogoni. Viini hivyo hutumia sana dopamini, kemikali inayohusishwa na ADHD, ndiyo maana watafiti walishuku kuna kasoro hapo. Matokeo yamegawanyika: vipimo vingine vya kubonyeza vitufe kwa mfuatano vimeonyesha kujifunza polepole, vingine havikuona tofauti. Kinachojitokeza karibu kila mara ni kwamba kasi ya mwenye ADHD hupanda na kushuka mno, hata ndani ya dakika chache. Basi siku mbaya moja isikutie hofu. Jipime mara tano mfululizo, panga alama kuanzia ndogo, uandike ile ya katikati. Hiyo ndiyo ya kulinganisha wiki kwa wiki.

Shida kubwa iko mwanzoni, pale akili inapobeba kila kitu: kidole gani, herufi gani, inayofuata ipi. Mzigo huo uondoe kichwani. Chora kibodi kwenye karatasi, ibandike chini ya skrini, kisha funika mikono kwa kitambaa chepesi. Kutazama karatasi ruksa. Ukitazama vidole, unauzoesha mkono kusubiri macho.

Anza na F na J, vitufe vyenye kinundu kidogo, halafu ongeza herufi mbili mbili. Herufi A ichunge kwa namna ya pekee. Kiswahili kinaitumia kuliko herufi nyingine yoyote, nayo imeangukia kidole kidogo cha kushoto, kidole kivivu kuliko vyote. Wengi hukisaidia kwa kidole cha pete bila kujua. Mkono mzima unahamia kushoto, kidole cha shahada kinatua kwenye D badala ya F, na kuanzia hapo kila neno linaharibika. Ukiona makosa yanakuja kwa mkupuo, usifute. Simama, papasa kinundu cha F, ndipo uendelee.

Dakika 10 mara mbili kwa siku, kwa kengele, zinafaa kuliko saa zima la Jumamosi. Usiongeze kasi kabla usahihi haujafika asilimia 95 hivi, maana mkono hauchagui: kosa lililorudiwa nalo linahifadhiwa. Ukichoshwa, badilisha maneno unayochapa. Kuhama programu kila wiki kunakurudisha mwanzo. Herufi zikishakaa, changanya mazoezi badala ya kurudia moja mfululizo. Watafiti Shea na Morgan walionyesha mwaka 1979 kwamba waliochanganya walifanya vibaya zaidi wakati wa mazoezi, lakini siku 10 baadaye ndio waliokumbuka vizuri. Usichanganye mapema, lakini. Kwako ule mzigo wa akili utarudi. Na ulale vya kutosha, kwa kuwa ubongo huendelea kuimarisha ujuzi usingizini.

SWALI: Mwanangu wa miaka 9 ana ADHD. Hatua za kufunga kamba za viatu anazitaja zote, lakini akishika kamba anakwama. Ni uvivu?

JIBU: Hapana, mama. Kutaja hatua na kuzitenda ni mambo mawili. Anza na mwisho: funga wewe yote, umwachie kuvuta vitanzi viwili tu. Akiweza mara tano mfululizo, mwachie pia kupitisha kitanzi cha pili, na hivyo kurudi nyuma hatua kwa hatua. Kila jaribio liishie kwenye fundo lililokamilika, apate tuzo yake papo hapo. Tumia kamba za rangi mbili, kaa ubavuni kwake wala si mbele yake, na kila hatua iwe na neno moja: "pitisha", "vuta". Maelezo marefu yanamchanganya.

Kama vifungo, mwandiko na baiskeli navyo vinamshinda, mpeleke kwa mtaalamu wa tiba kazi, anayewasaidia watu kumudu shughuli za kila siku. Watoto wengi wenye ADHD wana pia tatizo la uratibu wa viungo, na mara nyingi linapita bila kuonekana kwa sababu kila kitu kinabebeshwa ADHD.

SWALI: Dawa ya ADHD itanisaidia kujifunza gita?

JIBU: Itakusaidia kukaa na zoezi, vidole utavizoesha mwenyewe. Methilifenideti, dawa ya ADHD, ile ya muda mfupi hufanya kazi kwa saa 4 hivi, basi panga mazoezi ndani ya muda huo. Usiimeze jioni kwa ajili ya gita, itakunyima usingizi. Kiasi na saa za dawa habadilishi mtu ila daktari wako.