Aota Ikipasuka: Kwa Mnaoanza Kazi Chumba cha Anjiografia

Ndugu zangu mliosomea uuguzi nyumbani na sasa mmepangwa zamu za usiku hapa Uingereza, katika chumba hiki cha kutibu mishipa ya damu kwa picha za ekisirei, mtakutana na mzee aliyepasukiwa tumboni na aota, yaani mshipa mkuu wa damu. Mara nyingi ni mwanamume aliyepita miaka 60, amevuta sigara maisha yake yote, anashika mgongo na jasho jembamba linamtoka. Presha yake ya juu ni 85.

Mkono utakimbilia dripu. Uzuie. Damu imevujia nyuma ya utumbo na donge limeziba tundu kwa muda tu. Ukimjaza maji mpaka presha ifike 120, unaling'oa donge, na damu iliyozimuliwa haigandi vizuri. Maadamu anajibu anachoulizwa, tunamwacha kati ya 70 na 90. Akihitaji kuongezewa, apewe damu. Wala msidhani presha ikizidi kushuka ndiyo heri. Katika utafiti wa IMPROVE, uliohusisha wagonjwa 613, wengi wao wa hapa Uingereza, walioshuka chini ya 70 walikufa zaidi. Ndiyo maana nasimama kichwani pa mgonjwa na kuzungumza naye. Akianza kujibu ovyo nampasha daktari hapo hapo, sisubiri mashine ipime tena.

Utafiti huo ulionyesha pia kwamba waliowekewa stenti (bomba linalopitishwa kinenani ili kuziba tundu la aota kwa ndani) kwa ganzi ya kinena tu walinusurika zaidi kuliko waliopewa nusu kaputi. Huenda baadhi ya waliolazwa usingizi walikuwa hoi tangu mwanzo, lakini jambo lenyewe tunaliona mezani: dawa ikilegeza misuli ya tumbo, kilichokuwa kinaibana damu hakipo tena, na presha inaporomoka. Basi ikibidi alazwe, msafisheni kinena na kumfunika vitambaa akiwa bado macho, daktari awe tayari na sindano mkononi.

Puto la kuziba aota liwe mezani mapema, pamoja na ala ndefu (mrija wa kupitishia vifaa mshipani) ya kulishikilia lisisukumwe chini na mkondo wa damu. Likijazwa tu, andikeni saa na mzitaje dakika kwa sauti, kwa sababu figo na utumbo huenda havipati damu muda wote huo.

Stenti ikikaa na picha ikaonyesha damu haivuji tena, chumba kizima hushusha pumzi. Mimi hapo naanza kuliangalia tumbo. Damu iliyomwagika bado imo ndani. Hakuna aliyeichota, kama angefanya daktari aliyefungua tumbo. Ikibana sana, figo na mapafu yanashindwa kazi ilhali stenti ni nzima kabisa. Kwa hiyo mkojo ukipungua na tumbo likikaza, msiharakishe kuilaumu dawa ya rangi ya ekisirei. Pimeni presha ya tumbo kupitia katheta ya kibofu (mpira wa mkojo). Ikibaki juu ya 20 huku figo zikilegea, mpigieni simu daktari wa upasuaji usiku huo huo, hata kama ndiyo kwanza amefika nyumbani.